Karata za tarot: maana haiko kwenye karata moja, iko kwa jirani yake

Katika pakiti ya tarot iliyochorwa na Nicolas Conver mjini Marseille, Ufaransa, pakiti yenye mwaka 1760, karata kubwa zimeandikwa jina chini ya picha, isipokuwa moja. Ni namba 13. Inaonyesha mifupa ya mtu ikishika mundu mrefu, na chini yake ardhi yenye vichwa na mikono iliyokatwa. Jina hakuna. Hata leo Wafaransa wengi wanaiita tu « karata isiyo na jina », ingawa kila mtu anajua jina gani limeachwa.

Mteja anayeiona ikigeuzwa mbele yake anashtuka. Hilo ni la kawaida. Lakini anayejua kazi hii hamwambii kitu kwanza. Anaangalia karata iliyo kushoto na karata iliyo kulia.

Kama iko pamoja na Nyota, namba 17, mwanamke anayemwaga maji mtoni usiku, wasomaji wa karata husema: jambo la zamani linaisha, na nyuma yake kuna tumaini. Kama iko pamoja na Mnara, namba 16, jengo lililopigwa radi na watu wanaanguka kutoka juu, husema: mwisho utakuja ghafla, bila taarifa. Na kama iko pamoja na Sarafu Kumi, karata ya mali ya ukoo, mazungumzo yanahamia kwenye urithi, nyumba inayobadilisha mkono, kiwanja kilichobaki bila mwenyewe. Mifupa ni ileile, mundu ni uleule, lakini habari zimekuwa tatu.

Ndiyo sababu watu waliojifunza tarot kwa kukariri maana ya karata moja moja, kama mwanafunzi anayekariri kamusi, hukwama siku ya kwanza mbele ya meza. Pakiti ina karata 78. Ukitoa tatu kwa mpangilio, njia za kuzitoa ni 456.456. Na kwa wale wanaohesabu pia karata iliyogeuka kichwa chini, idadi inazidishwa mara nane, inapita milioni 3 na nusu. Hakuna kichwa kinachoweza kukariri hayo yote, na hakuna kitabu kinachoweza kuyachapa. Anayesoma karata anahitaji kanuni za kuziunganisha, kama vile anayesema lugha anavyohitaji sarufi.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo ziko nyingi, na hazikubaliani. Kwa mtu anayelipa ili aambiwe aolewe au asiolewe, auze nyumba au asiuze, hilo si jambo dogo.

Zilianza kama mchezo

Karata hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya utabiri. Habari ya kwanza inayojulikana juu yake inatoka Florence, Italia, mwezi wa 9 mwaka 1440, ambapo mwandishi mmoja wa hati za serikali aliandika katika daftari lake kwamba alitoa zawadi ya pakiti hizo kwa mtawala wa Rimini. Wakati ule zilikuwa anasa ya wakubwa. Pakiti inayojulikana zaidi ya karne hiyo, ya familia za Visconti na Sforza za Milano, ilichorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu. Leo imetawanyika: karata 35 ziko katika maktaba ya Morgan mjini New York, 26 katika jumba la sanaa la Accademia Carrara mjini Bergamo, na 13 ziko kwa familia moja ya huko Bergamo. Nne zilipotea.

Watu walizicheza. Karata 56 zilikuwa kama zile za kawaida, za rangi nne: Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu. Kila rangi inaanza moja hadi kumi, halafu inafuata na mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Juu ya hizo waliongeza 22 zenye picha: Mpumbavu, Kaizari, Papa, Haki, Gurudumu la Bahati, Shetani, Mwezi, Jua, Dunia. Kazi ya hizo, isipokuwa Mpumbavu, ilikuwa kukula nyingine mezani. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett, katika kitabu kikubwa alichotoa mwaka 1980, alifuata historia hiyo hatua kwa hatua na kuonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 300 tarot ilikuwa kwanza kabisa mchezo.

Mambo yalibadilika Paris. Mwaka 1781, mchungaji na mwanachuoni Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizo ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote. Maandishi ya Wamisri yenyewe hayakuwa bado yamesomeka. Jean-François Champollion aliyafungua mwaka 1822 tu. Lakini hadithi ya Misri ilipendeza, na mpaka sasa kuna watu wanaoiuza.

Mtu aliyeifanya iwe kazi yenye mshahara alikuwa Jean-Baptiste Alliette. Alikuwa muuza mbegu na picha za kuchapwa, akageuza jina lake la ukoo kinyumenyume na kujiita Etteilla. Mwaka 1770, kabla ya habari ya Misri, alikuwa tayari ametoa kitabu cha kutabiri kwa karata za kawaida. Mwaka 1785 akatoa cha tarot, na miaka minne baadaye akatoa pakiti yake mwenyewe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwake karata iliyosimama na iliyogeuka zilikuwa na maana mbili tofauti, na karata zilizofanana namba zikitokea pamoja mezani zilikuwa na maana ya tatu, ambayo hakuna hata moja kati yao iliyokuwa nayo peke yake.

Meza moja, majibu matatu

Hapo ndipo msomaji wa gazeti anaweza kujionea mwenyewe. Tuseme mtu anauliza: niingie katika biashara na mwenzangu huyu, au niache? Karata nne zinatolewa, zinapangwa kwa mstari kutoka kushoto: Fimbo Moja, Vikombe Viwili, Fimbo Tatu, Panga Moja.

Kanuni ya kwanza ni ya picha. Ilipata nguvu mwezi wa 12 mwaka 1909, London, wakati pakiti ya Arthur Edward Waite ilipotoka. Michoro ilikuwa ya Pamela Colman Smith, msanii aliyezaliwa London mwaka 1878 na kupitisha sehemu ya utoto wake Jamaika. Kabla yake, karata ndogo za pakiti ya Marseille hazikuwa na habari ya kusimulia: Vikombe Viwili ilikuwa vikombe viwili tu na maua, basi. Colman Smith aliweka watu ndani ya karibu kila karata. Alilipwa kidogo, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa hata pale pakiti ilipouzwa dunia nzima. Alikufa mwaka 1951 huko Bude, Uingereza, bila mali. Wasomaji wengi wa leo wanasoma macho yake yeye, hata kama hawamjui.

Kwa picha zake, mstari ule unasimulia hivi. Fimbo Moja: mkono unatoka katika wingu ukishika tawi lenye majani mabichi, mwanzo wa jambo. Vikombe Viwili: mwanamume na mwanamke wanabadilishana vikombe, mapatano. Fimbo Tatu: mtu amesimama juu ya kilima anaangalia meli baharini, na Waite mwenyewe aliihusisha na biashara. Panga Moja: upanga umesimama wima na taji kwenye ncha yake, ushindi. Jibu: ingia, biashara itakwenda.

Kanuni ya pili inatoka kwa chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, Golden Dawn, ambacho Waite na Colman Smith wote walipitia. Wao walizipa rangi nne asili nne: Fimbo ni moto, Vikombe ni maji, Panga ni hewa, Sarafu ni udongo. Halafu wakaweka sheria ya ujirani. Karata yenye majirani wa rangi yake inapata nguvu kubwa, kwa wema au kwa ubaya. Karata iliyobanwa na adui zake inadhoofika. Moto ni adui wa maji; hewa ni adui wa udongo. Wengine wanavumiliana.

Sasa angalia tena meza. Vikombe Viwili, karata ya mapatano ambayo ndiyo moyo wa swali, imekaa katikati ya Fimbo mbili. Maji katikati ya moto. Kwa sheria hii mapatano yamekauka. Mwanzo upo, safari za biashara zipo, lakini yule mwenzako si wa kumtegemea. Na jambo la kushangaza: kama pembeni kungekuwa na Panga mbili, zile ambazo mteja anaziogopa kwa macho, hali ingekuwa nafuu, kwa maana hewa na maji hazigombani.

Kanuni ya tatu ni kuhesabu. Waite, katika kitabu kilichofuata pakiti yake, aliweka orodha ya karata zinazojirudia, orodha iliyofuata njia ya Etteilla. Wafalme wanne pamoja ni heshima kubwa, watatu ni kushauriana, wawili ni ushauri mdogo. Malkia watatu ni hila za wanawake (karne ile haikuwa na haya), wawili ni marafiki wa kweli. Kumi nne ni hukumu, kumi mbili ni mabadiliko. Na namba moja? Zikiwa nne ni bahati njema, tatu ni mafanikio madogo, mbili ni udanganyifu.

Meza yetu ina namba moja mbili: ya Fimbo na ya Panga. Jibu la kanuni ya tatu: kuna mtu anataka kukudanganya.

Kwa hiyo mteja mmoja, swali moja, karata nne zilezile, na majibu matatu: ingia, mwenzako ni dhaifu, mwenzako ni mwongo. Kila jibu lina kitabu chake na walimu wake. Hakuna kati ya hayo matatu lililokosewa kwa kanuni yake.

Na ziko kanuni nyingine. Alejandro Jodorowsky, mtu wa sinema aliyezaliwa Chile mwaka 1929 na kuishi Paris miaka mingi, alitoa mwaka 1997 pamoja na Philippe Camoin pakiti ya Marseille iliyorekebishwa. Katika mafundisho yao kitu kinachofuatwa ni macho: mtu aliyechorwa anatazama wapi? Kaizari akitazama pembeni ambako hakuna karata, wanaongeza karata upande huo ili kuona anachokitazama. Yule anayetazamana na jirani yake anazungumza naye; anayempa mgongo amemkataa, au ameacha jambo nyuma. Ni njia nzuri ya kusimulia, na mtu yeyote aliyewahi kuangalia picha ya harusi ili kujua nani amegombana na nani ataielewa bila mwalimu.

Upande wa karata za Lenormand, ujirani ndio kila kitu. Karata hizo 36 zimepewa jina la Marie-Anne Lenormand, mtabiri aliyekufa Paris mwaka 1843, ingawa si yeye aliyezitengeneza. Zinatokana na mchezo wa Kijerumani wa Nuremberg wa mwisho wa karne ya 18. Picha zake ni za kawaida kabisa: meli, nyumba, nyoka, jeneza, barua, pete, funguo. Zinapangwa zote 36 kwa mara moja, na msomaji anatafuta kwanza ile inayomwakilisha mteja. Kilicho karibu naye kinamgusa, kilicho mbali kinamgusa kidogo au hakimgusi. Jeneza likiwa pembeni yake ni habari. Likiwa kona ya mwisho ya meza ni kitu cha kupita.

Kibuyu cha Baluba

Msomaji wa Kongo anaweza kuona haya kama mambo ya Wazungu tu. Lakini kusoma kitu kwa jirani yake si kigeni katika nchi hii, ingawa hakuna undugu wowote wa historia kati ya hizo njia mbili.

Kwa Baluba, mtabiri anayeitwa bilumbu anatumia kibuyu, mboko, chenye vitu vidogo ndani: vinyago, vyuma vilivyofinyangwa kama vifaa vya kazi, mbegu, mifupa, midomo ya ndege. Swali likishaulizwa anakitikisa, anakifungua, halafu anaangalia kitu gani kimeegemea kitu gani. Batshokwe, ambao wako Lualaba, Kwango na hadi Angola, wana kikapu chao, ngombo, kwa kazi kama hiyo. Na lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Baluba uliopambwa shanga, uliotunzwa na watu wa chama cha mbudye, ulisomwa kwa vidole kwa njia inayokaribiana: ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kusimama kwa mfalme na watu wake, lakini historia inayosimuliwa ilitegemea nani anasoma, mbele ya nani, na kwa sababu gani.

Tofauti iko hapa. Bilumbu anamjua mteja, au anaujua ukoo wake, au anaishi mtaa wa pili; akikosea, kesho watakutana sokoni. Msomaji wa karata wa kwenye simu hamjui mtu anayemlipa, na hatakutana naye kamwe. Anayesoma Kifaransa kwenye simu yake, awe Bukavu, Lubumbashi au Bruxelles, amekwisha kuona matangazo ya namna hiyo: karata tatu za bure, halafu maelezo kamili kwa malipo.

Nani anachagua jirani gani aseme?

Mtu aliyeonyesha vizuri kuliko wengi nguvu ya kuunganisha karata hakuwa mtabiri. Ni mwandishi wa Italia Italo Calvino. Katika kitabu kuhusu ngome ya watu waliokutana bahati, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1969 na kikakamilika mwaka 1973, wasafiri waliopoteza sauti wanasimulia maisha yao kwa kuweka karata za tarot mezani. Wa kwanza anaweka mstari wake. Wa pili anaweka wake ukikata wa kwanza, na karata inayokutanisha mistari miwili inakuwa kitu kimoja kwa huyu na kitu kingine kwa yule. Mwishoni meza imejaa na kila karata inatumika katika hadithi zaidi ya moja. Kwa sehemu ya kwanza Calvino alitumia pakiti ileile ya Visconti na Sforza, kwa ya pili ile ya Marseille.

Calvino alikuwa anatunga hadithi na alisema hivyo. Mtabiri anayefanya jambo lilelile analiita habari za kesho. Ufundi ni mmoja. Kinachobadilika ni ahadi anayopewa mteja.

Na mteja mwenyewe anafanya nusu ya kazi bila kujua. Mwaka 1948, mwalimu wa saikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, halafu akampa kila mmoja karatasi ya matokeo. Akawaomba wapime kwa alama 0 mpaka 5 kama karatasi inawaeleza kweli. Wastani ulikuwa 4,26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi yametolewa katika kitabu cha unajimu cha kwenye kibanda cha magazeti. Kila mwanafunzi alijiona ndani.

Kwenye meza ya karata hilo linafanya kazi zaidi, kwa sababu msomaji anaona uso wa mteja. Akisema « mwenzako ni dhaifu » na mteja akakunja uso, bado ana kanuni mbili mfukoni. Anaweza kuhamia kwenye picha, akasema kwamba Fimbo Tatu inatazama mbele. Anaweza kuhesabu namba moja. Si lazima awe tapeli. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakiamini kwamba karata ndizo zimewaongoza. Lakini jibu linalobadilika kwa kufuata uso wa anayeuliza haliwezi kukutwa limekosea, na jibu lisiloweza kukosea ni vigumu kulipima.

Ndiyo maana walimu makini wa tarot wanaweka masharti kabla ya kuchanga karata. Swali linasemwa kwa sauti na halibadilishwi katikati. Idadi ya karata na nafasi ya kila moja vinajulikana mapema: hii ni ya jambo lenyewe, hii ni ya kizuizi, hii ni ya yaliyopita. Mpangilio wa karata kumi ambao Waite aliueneza, ule wenye karata ya pili ikilala juu ya ya kwanza kama msalaba, ulikuwa na faida hiyo: nafasi inamfunga msomaji. Na kanuni ya kuunganisha inachaguliwa moja, ikabaki hiyohiyo mpaka mwisho. Anayefuata masharti hayo anaweza kusema uongo bado, lakini ana nafasi ndogo ya kukwepa.

Kinyume chake ni desturi ya karata ya nyongeza. Jibu halikueleweka? Tutoe moja ya kufafanua. Hiyo nayo ina utata? Nyingine. Kila karata mpya inaleta jirani mpya, na kila jirani anageuza maana ya wale waliotangulia. Mezani nyumbani, kati ya marafiki, ni mchezo usio na madhara. Kwa simu inayohesabiwa kwa dakika, ni mita inayozunguka. Mtu aliyeanza na swali la biashara anamaliza na karata kumi na tano, hofu ya jirani asiyemjua, na shauri la kupiga tena kesho.

Sheria ya Ufaransa ilijaribu kuliziba hili kwa njia fupi. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1810 iliwatoza faini watu wanaofanya kazi ya kutabiri au kufasiri ndoto, na kifungu hicho kilibaki, kwa namba tofauti, hadi kanuni mpya ya adhabu ilipoanza kutumika mwezi wa 3 mwaka 1994. Kwa karibu karne mbili, basi, wasomaji wote wa karata wa Paris wanaolipwa walikuwa nje ya sheria, na karibu wote waliendelea kufanya kazi. Lenormand mwenyewe alifungwa zaidi ya mara moja na kila kifungo kilimwongezea umaarufu, alikiandikia vitabu.

Leo kutabiri si kosa tena huko. Kosa ni utapeli: kumdanganya mtu ili atoe mali yake, adhabu hadi miaka 5 ya kifungo na faini ya euro 375.000. Lakini kuithibitisha ni shida, na sasa inaeleweka kwa nini. Mlalamikaji atasema: aliniambia niingie katika biashara. Mshitakiwa ataonyesha meza ileile na kusema: niliona pia namba moja mbili, nilimwambia ajihadhari. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Huku hayo yakiendelea, Wafaransa wengi wanaoshika karata hizi jioni hawaulizi kuhusu kesho. Wanacheza. Shirikisho la Ufaransa la tarot liko tangu mwaka 1973 na linaandaa mashindano. Hata humo thamani inategemea jirani: mchezaji anayechukua mchezo akimaliza na zile karata tatu za pekee, yaani Mpumbavu, namba 1 na namba 21, anahitaji pointi 36 tu ili ashinde, akiwa na mbili anahitaji 41, akiwa na moja, 51, akikosa zote, 56. Namba 1 ni ndogo kuliko zote zenye kukula, na ukiwa nayo bila wenzake wa kuilinda, wapinzani wataiwinda mpaka waipate.

Katika pakiti za mchezo wa leo, mifupa na mundu havipo tena. Mahali pake kuna picha za watu wa kawaida. Namba 13 bado ipo. Mwisho wa mchezo, wakati wa kuhesabu, inapewa nusu pointi.